Fundi Bomba Aliyedai Kiti

Kila mwaka fundi bomba yule, Mwojibwe wa Minneapolis, alifika kwenye kikao cha bunge la jimbo mjini Saint Paul kudai jambo lilelile: watu wake, wenyeji wa asili wa Marekani, wapewe kiti katika Bunge la taifa kule Washington. Hamida, mpiga chapa wa kumbukumbu za kikao, alivizoea vidole vyake vyenye makovu na sauti yake isiyo na haraka. Mwaka 1996 mwenyekiti alimuuliza anawasemea akina nani. Akajibu kwa jina ambalo Waojibwe hujiita kwa lugha yao, "Anishinaabe."

Hamida akasita. "Samahani mzee, linaandikwaje?"

Fundi akamsogelea, akalitaja jina herufi kwa herufi.

"Dakika zako zinaisha," mwenyekiti akamwonya.

"Najua. Bado herufi nne."

Muda ulikwisha kabla hajalitamka dai lake, lakini jina liliandikwa sawasawa.