Kiki Moja, Mnazi Mmoja

Jumapili asubuhi, pembeni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja, wanaume wazima tunapanga pikipiki za zamani mstari mmoja, tunanunua kahawa na kashata, kisha tunaanza kudanganyana. Nasema wanaume wazima kwa kuangalia mvi tu. Huyu anadai yake ina spea orijino tupu. Orijino ya Kariakoo, bila shaka, ile inayotoka kwenye boksi lenye maandishi ambayo hata muuzaji hawezi kuyasoma. Yule kaipaka yake rangi ya ubuyu, anaiita ya kihistoria. Wengi wao hawajafungua kabureta tangu wazaliwe. Wanakuja kuuza sura.

Mimi yangu niliachiwa na baba. Alikuwa bwana shamba kule Lindi, na pikipiki hiyo ya Kiingereza ndiyo aliyozungukia mashamba ya watu mpaka akastaafu. Ilinifikia Magomeni ikiwa ndani ya magunia matatu. Niliiunga uani kwangu kipande kwa kipande, miaka miwili, huku mke wangu akilalamika kwamba khanga zake zinanuka petroli. Spea zake hazipo tena madukani, kwa hiyo unaenda Gerezani kwa mchonga vyuma, unamwonyesha kipande kilichokufa, anakuchongea kingine. Nikiiwasha namsikia baba anarudi nyumbani. Sioni haya kulisema hilo. Ninachoona haya ni kupanga mstari mmoja na wale mabwana.

Aliyenikera kuliko wote ni mzee mmoja mwenye duka la mapazia Kariakoo, Mwarabu wa mjini hapa hapa, rika langu. Anavaa koti la ngozi. Dar hii, mwezi wa kwanza, koti la ngozi! Pikipiki yake haina kitufe cha kuwashia. Ni ya kiki kama yangu, unakanyaga chuma kwa mguu mpaka injini ishike. Lakini kiki hapigi yeye. Anakuja na mpagazi wa dukani kwake, pande la mtu, na huyo ndiye anayepiga. Injini ikishashika, bwana mapazia anapanda taratibu kama bwana harusi.

Sasa, mjini kwetu kiki ina maana nyingine pia. Mtu anayejishaua ili asemwe tunasema anatafuta kiki. Siku moja nikamwambia mbele ya wote: "Mzee mwenzangu, wewe kiki unaitafuta, huipigi."

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikanogewa. Nikaongeza: "Tuwekeane sheria hapa. Pikipiki ni ya yule anayeipiga kiki. Hii basi ni ya mpagazi."

Bwana mapazia akamalizia kahawa yake. "Sheria nimeisikia, sheikh," akasema.

Na sheria ikashika kweli. Kila Jumapili mtu akishindwa kuwasha, wenzake wanamzomea: ya nani hiyo? Mimi ndiye niliyeanzisha zomeazomea, sauti yangu juu kuliko zote.

Haikupita miezi miwili, nikaumia. Nilikuwa nimefungua injini na wakati wa kuirudisha nikapanga taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, kwa sikio, maana fundi wa hadhi yangu hawezi kwenda kuazima kipimo kwa watu. Nikakanyaga. Moto ukawahi, kiki ikarudi juu kwa nguvu zake zote, goti langu la kulia likalia kama kuni kavu. Majirani niliwaambia nimeteleza bafuni. Daktari alinitazama, akaniambia goti hili, mzee, lisikanyage chuma tena maisha. Nilitoka pale na jambo moja tu kichwani: kwa sheria yangu mwenyewe, pikipiki ya baba si yangu tena.

Jumapili mbili nilisingizia misiba. Nilizika mashangazi wawili ambao sikuwahi kuwa nao. Ya tatu nikaona wataanza kuuliza, nikabuni hila. Niliisukuma pikipiki mpaka kwenye mteremko wa kushukia Jangwani, nikatia gia, nikaachia klachi, ikashika bila kiki. Nilivimba kichwa mwenyewe. Mpango wangu ulikuwa nisiizime kabisa: nifike, ningurume, ninywe kahawa nikiwa nimekaa juu yake, niondoke.

Nilifika. Nikangurumisha. Mmoja akaniuliza mbona siizimi, nikamwambia injini ya kweli inataka kuchemka kwanza, nyie mnajua nini. Sikumaliza hata kashata. Ikakohoa mara mbili, ikazimika yenyewe.

Na Mnazi Mmoja hakuna mteremko.

Nilijaribu kwa mguu wa kushoto, nikiwa nimesimama upande usio wake. Mara ya tatu nikayumba, nikashikilia tangi nisianguke. Ndipo mmoja akaanza, na wengine wakadakia: ya nani hiyo? Ya nani hiyo? Mkuki kwa nguruwe mtamu. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nivae kaptula.

Bwana mapazia akaweka kikombe chini. Akavua lile koti, akampa mpagazi wake. Mpagazi akasema, "Mzee, niache mimi," naye akamwondoa kwa mkono. Akapanda, akaisukuma kiki polepole mpaka ilipogoma, akatega sikio, kisha akaishusha kwa uzito wa mwili mzima. Ikashika mara moja. Kumbe anajua. Anajua kuliko mimi.

"Yangu," akawaambia wanaonizomea. Kisha akanigeukia. "Sheria ni sheria, sheikh. Panda nyuma nikupeleke kwako."

Nikapanda nyuma ya pikipiki ya baba yangu, nikamshika kiuno muuza mapazia, tukapita Jangwani hivyo hivyo, mpagazi akifuata na ile nyingine. Mke wangu alikuwa barazani anachambua mchele. Alitutazama mpaka tuliposimama.

"Leo umeletwa?" akauliza.

"Nimeletwa."

Mgeni akakaa barazani, akaomba maji. Alikuwa anahema vibaya, jasho jingi. Alipofungua vifungo viwili vya shati apate hewa nikaona kovu, limeanzia chini ya koo na kushuka katikati ya kifua.

"Moyo," akasema alipoona ninatazama. "Daktari kanikataza kiki, mwaka wa nne huu. Ndiyo maana ya mpagazi, na ndiyo maana ya koti."

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungenisikiliza?"

Mke wangu alimjibu kwa niaba yangu, akasema hapana, huyu hasikii, akaenda kumwongezea maji. Mzee alikunywa, akafunga vifungo vyake, akagonga tangi la baba mara mbili kwa kiganja na kuniambia pikipiki ni yangu, yeye alitaka tu kujua kama bado anaweza.

Jumapili iliyofuata mpagazi alipiga kiki mbili, ya bosi wake na yangu. Hakuna aliyezomea, maana mzomeaji mkuu alikuwa kimya. Kwa sheria niliyoitunga mwenyewe, pikipiki zote mbili ni za mpagazi.