Siku Masharubu ya Msimamizi Yalipong'aa

Naona haya kulisimulia jambo hili, lakini kwa kuwa wenzangu wa kazini wameshalisimulia mtaa wetu mzima wa Buyenzi, na kila mmoja ameongeza chumvi yake, afadhali mlisikie kwangu mimi, kwa mpangilio, tangu kosa la kwanza hadi la mwisho.

Mimi ni fundi wa maabara katika kituo kimoja cha afya. Sehemu kubwa ya ninayoyajua nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mitumba, na labda ndiyo sababu kwa miaka mingi nilikuwa natamani kitu kimoja tu: kuwa mkufunzi wa usafi wa mikono kwa vituo vyote vya eneo letu. Si cheo kikubwa. Ila mkufunzi husimama mbele, na watu wenye diploma huketi wakamsikiliza (mniwie radhi, hilo lilikuwa linanipendeza sana). Basi tukaambiwa kwamba msimamizi wetu, Daktari Leonidas, atakuja kuangalia mafunzo yangu asubuhi moja, na akiridhika, nafasi ni yangu.

Mkuu wa kituo, Mama Bella, alinionya mapema. "Baba Salma, watu wamechoka na mabango. Kila siku nawa mikono, nawa mikono, wanasinzia. Utafute kitu cha kuwaamsha."

Nikatafuta. Nilikuwa nimehifadhi chupa ya losheni ya mafunzo, ile isiyoonekana kwa macho lakini ukiimulika kwa taa ya zambarau inawaka kama nyota, na asiyenawa vizuri anajulikana papo hapo. Taa niliiazima kwa muuza spea mmoja jirani yangu, ambaye huitumia kukagulia noti bandia. Kwa kawaida unamwambia mtu, "Jipake, kanawe, njoo tuone." Mimi nikaona hiyo haitoshi. Mtu akijua anapimwa, si atanawa? Nikaamua kuipaka kwa siri kwenye biki iliyofungwa kwa kamba kwenye daftari la mahudhurio. Kila mmoja atasaini nayo asubuhi, kila mmoja anatakiwa kunawa kabla ya mgonjwa wa kwanza, na kwenye mafunzo taa itasema ukweli. Uamuzi mdogo tu huo. Yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Siku yenyewe nilifika kabla ya wote. Nikavaa glavu, nikaipaka biki losheni (karatasi ya maelezo ilisema tone moja, mimi nikatumia karibu theluthi ya chupa, kwa hoja kwamba biki ni ya mviringo), nikavua glavu, nikanawa kwa hatua zote zinazotakiwa, kucha na vidole gumba vikiwemo. Kazi safi kabisa. Halafu, kwa kuwa sijawahi kuliacha daftari bila sahihi yangu, nikasaini. Kwa biki ileile.

Naam, nilihisi inateleza. Nikajipangusa kwenye suruali nikaendelea na shughuli zangu, kwa sababu akilini mwangu nilikuwa nimekwisha nawa, na nilijua kile kitu ni losheni tu, hakina mdudu hata mmoja. Nilichukua sambusa za mafunzo kwa mama anayetuuzia pale getini, nikazihamishia kwenye sinia moja moja kwa mkono, nikazipanga safu kwa safu, pembe zote zikitazama upande mmoja. Miwani ikiteremka naipandisha. Sikio likiwasha nalikuna.

Daktari Leonidas alifika na njaa yake kutoka mtaa wa Kinindo. Kwetu hapa huwezi kumfundisha mtu mwenye tumbo tupu, kwa hiyo sambusa zilitangulia. Nikampa yeye wa kwanza, kwa mikono miwili, kwa heshima. Akala mbili akazisifu, na wengine wote wakafuata.

Kisha nikafunga mlango, mashuka tunayotumia kama mapazia yakashushwa madirishani, chumba kikawa giza, nikawaambia wote wanyooshe mikono mbele. Nikawasha taa.

Jamani, iliwaka mikono yote! Vidole, viganja, mstari mzima kutoka kwa mkunga hadi kwa mlinzi. Badala ya kushangaa na kujiuliza, mimi nilifurahi. Nilitoa hotuba. Nilisema kuhusu kiapo, kuhusu mama mjamzito anayetuamini, nikasema (kwa sauti ambayo hadi leo naisikia), "Hakuna hata mmoja wenu aliyenawa leo! Hata mmoja!"

Ikatoka sauti ya Spès, muuguzi wetu mdogo kuliko wote, msichana asiyependa maneno mengi.

"Baba Salma, pardon. Ile biki ya asubuhi ilikuwa inateleza kama samaki ya mukeke. Sisi wote tulienda kunawa. Tulipanga mustari kwenye bomba, hata Mama Bella alikuwepo."

"Ego, ndiyo, tulinawa na sabuni," akasema Mama Bella gizani. "Mi nilinawa mara mbili, nilidhani ni mafuta ya pikipiki."

"Taa haidanganyi," nikasema.

"Apana, haidanganyi," akasema Spès. "Lakini Daktari hakushika biki. Mumulike na yeye."

Nikageuza taa kwa Daktari Leonidas. Vidole vyake vilikuwa vinawaka. Midomo ilikuwa inawaka. Masharubu, ambayo huyatunza sana, yalikuwa yanang'aa ncha hadi ncha.

"Yewe!" mlinzi akapiga kelele. "Hata mimi mudomo unawaka? Niangalieni!"

Ulikuwa unawaka. Midomo ya wote ilikuwa inawaka. Spès akaniomba taa kwa adabu, nikampa, akaimulika midomo, akashuka kwenye vidole, kisha akaenda kwenye sinia. Sambusa tatu zilizobaki zilikuwa na alama za vidole kila upande, zimepangwa vizuri, pembe zikitazama upande mmoja.

"Nani alipanga hizi?" akauliza Daktari.

Spès aliigeuza tu taa kwangu. Mimi sikujiona, lakini nimeelezwa na wengi: pua, miwani, sikio la kushoto, ndevu, na paja la suruali, vyote vinawaka kama duka la simu.

"Mama weee! Baba Salma, umetulisha mikono yako!" akapaza sauti Mama Bella. Na hapo kicheko kikalipuka, mkunga akakaa sakafuni, wagonjwa wakaanza kugonga mlango wakiuliza kuna nini.

Spès peke yake hakucheka. Mashuka yalipopandishwa aliwaeleza wenzake kwa upole: hii ni losheni tu, haina madhara, lakini ingekuwa uchafu wa choo ungefuata njia hiihii, kutoka mkono mmoja hadi midomo ya watu wote. Hakuna aliyesinzia. Hata mimi niliandika.

Daktari alijipangusa masharubu akasema, "Vizuri. Mkufunzi nimempata." Moyo wangu, mpumbavu huo, uliruka. Akamwelekea Spès. "Umetafuta, umepata, umeeleza, na hukumuaibisha mutu. Utaanza mwezi ujao."

Alipokuwa anaondoka nilimnyooshea mkono wa kwaheri. Hapa kwetu mwenye mikono michafu hukupa kifundo cha mkono ili asikuchafue. Mikono yake alikuwa ameshainawa kwa sabuni, nilimwona. Lakini alikunja ngumi akanipa kifundo. Nikakishika, nikakitikisa kwa heshima zote.

Nimeapa sitamtega tena mtu kwa siri. Na nikishika taa kama ile siku nyingine, nitaanza kwa kujimulika mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa, kabla sijatoa hotuba yoyote.