Bibi Aliyesubiri Wenzake Ukingoni mwa Msitu

Leo mimi, mwalimu mstaafu, nimefundishwa!

Tangu mafuta ya magari yaadimike, tunakwenda mnadani kwa miguu.

Asubuhi nimemkuta jirani yangu, bibi wa Kimasai tunayemwita Koko, ameketi peke yake ukingoni mwa msitu wa Nainokanoka.

"Nasubiri wenzangu. Kuna nyati."

Nikamweleza taratibu (mnanijua!) kwamba saa hizi nyati wameshaondoka njiani.

Akacheka.

"Mwalimu, nyati nawajua tangu kabla hujazaliwa. Tangu mzee wangu afe, nyumbani sina wa kuongea naye. Hapa kila mtu anasimama."

Nikaketi kando yake. Mimi pia ni mjane.

Wakatokea akina mama wawili waliobeba maziwa ya kuuza.

Koko akawaambia, "Tumsindikize mwalimu, anaogopa."

Sikubisha.

Ninyi mngebisha?