Nilimdanganya daktari kuhusu vidonge vya gauti, mke wangu akatoa kopo

Wakuu, salaam. Sogeeni niwahadithie. Wallahi sitapunguza neno, hata pale panaponiaibisha.

Mimi ni maalim wa madrasa hapa Mishomoroni. Nina gauti, ule ugonjwa wazee huuita jongo. Kidole gumba cha mguu kikishika, hata shuka ikikigusa napiga ukelele. Nikawa naswalia kwenye kiti.

Zahanati wakanipa vidonge vya kushusha asidi ya yuriki. Kimoja kila siku, kwa miaka.

Wiki ya pili kidole kikavimba upya. Nikasema dawa ndiyo inayoniumiza. Nikaacha kimyakimya, nikawa nanunua za maumivu dukani.

Kila asubuhi nalitikisa kopo ili mke wangu asikie, kisha nalirudisha kabatini. Mtu mzima na ndevu zake!

Miezi mitatu baadaye nikarudi kupimwa, mke wangu akanisindikiza. Daktari ni Zainabu, niliyemfundisha alifu na be.

"Shikamoo maalim. Dawa unameza?"

"Marahaba. Kila siku, mwanangu."

Akatazama majibu. "Asidi bado iko juu, na figo zimeanza kuchoka. Basi itabidi nikuongezee dozi."

Kalamu yake imeshagusa karatasi.

Mke wangu akafungua mkoba, akaweka kopo mezani. "Usimuongezee, mwanangu. Hizo za kwanza maalim wako anazichezea kayamba."

Zainabu hakucheka. Akavihesabu vidonge, akauliza taratibu, "Na za maumivu, unanunua dukani?"

Nikamwambia yote. Huyu utotoni alikuwa akisimama mbele yangu na kusema, "Maalim, leo sikudurusu," bila kuficha.

Akanieleza: kidole kuvimba mwanzoni hutokea, asidi inapoanza kushuka. Si sababu ya kuacha, na kuna dawa ya kukukinga kipindi hicho. Ningesema tu! Zile za dukani ndizo zilizozisumbua figo. Akanianzisha upya kwa dozi ndogo.

Sasa kwenye swala naketi attahiyatu chini, alhamdulillahi. Lakini nikikutana na Zainabu njiani bado natazama viatu vyangu.

Mwenye jongo humu asione haya, aandike hapa chini tusaidiane. Ukitokwa na vipele mwilini, simamisha dawa uende hospitali siku hiyohiyo. La sivyo usiache wala kuongeza kwa akili yako. Na siku ya kliniki beba kopo, liweke mezani kabla hujaulizwa.