Mwalimu Nukta Asomwa na Darasa Lake

Wanafunzi walimwita Mwalimu Nukta, kwa sababu insha isiyo na nukta ilimpandisha presha. Jina hilo alilijua fika, ila alijifanya halijui.

Kilichomchosha hasa ni insha zenyewe. Darasa zima liliandika kama mtu mmoja: jua likachomoza, ndege wakaimba, mwandishi akapiga mswaki. Alipouliza kwa nini, msichana wa dawati la mbele alimjibu bila kupepesa macho:

"Si unasoma wewe peke yako, Mwalimu? Na wewe unapenda ndege."

Jibu lile lilimkaa rohoni. Jioni alimkalisha binti yake mbele ya kompyuta, wakatengeneza fomu ya mtandaoni. Kila mwanafunzi angebandika insha yake bila jina, na wenzake wangeisoma na kujibu: Ulicheka wapi? Ulichoka wapi? Unataka kujua nini zaidi? Naye Mwalimu, ili awape mfano wa insha safi, akaandika yake kuhusu faida za bustani, akaichomeka kimyakimya katikati ya zao.

Majibu yalipoingia, akakimbilia ya kwake kwanza.

"Nilichoka kwenye kichwa cha habari."

"Nataka kujua itaisha lini."

Mmoja alikuwa na huruma: "Jikaze, mwenzetu. Nukta zako ziko sawa."

Alifika nyumbani amevimba. "Watoto wa siku hizi hawana adabu!"

Mumewe, fundi seremala, aliisoma ile insha akiwa amesimama, akakaa, akapiga mwayo. "Mama watoto, bustani gani hii? Sisi tuna ua moja kwenye kopo, nalo limekauka. Andika ile ya siku yako ya kwanza kazini."

"Ile? Unataka nife kwa aibu?"

Lakini aliiandika, akaichomeka tena bila jina kati ya zao. Jinsi alivyoingia darasani kifua mbele, akafundisha kwa moyo wote hadi kengele ya mapumziko, ndipo mkuu wa shule alipokuja kumuuliza kwa upole yeye ni nani. Shule yake ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Safari hii chumba cha kompyuta cha shule kililipuka kwa vicheko.

"Nani kaandika hii?" msichana wa mbele aliuliza, akifuta machozi.

Mwalimu akanyoosha mkono. Kicheko kikaongezeka maradufu.

"Mwalimu, na wale wanafunzi hawakukushangaa?"

"Walinipigia makofi. Mwalimu wao hakuwa akifika mapema."

Wiki iliyofuata ndege hawakuimba. Msichana yule aliandika habari za mjomba wake aliyesahau funguo, akakwama dirishani makalio nje, majirani wakimshauri. Punde akaja mbio, simu mkononi.

"Mwalimu, wote wanauliza mjomba alitokaje. Naomba niandike tena."

Tangu Mwalimu aanze kazi, hakuna aliyewahi kumwomba kuandika tena. Alimpa muda wote alioutaka, kisha akamvuta kando.

"Lakini mimi nidokezee kidogo. Alitokaje?"