Bafle za Zuberi

Mume wangu Zuberi alikuwa na taksi moja hapa Gitega, Corolla kuukuu, na akili yake yote ilikuwa kwenye muziki ya gari. Hasira haijanitoka mpaka leo. Vita imetushika, watu wanatafuta chumvi na sukari, yeye anatafuta bafle, spika za gari!

Akachora mpango wake kwa chaki kwenye ukuta wa jikoni yangu. Bafle mbili milangoni, mbili nyuma ya kiti, ampli chini ya miguu ya abiria, na sanduku kubwa la bezi kule pa mizigo. Waya alipewa na Irshad, mwenye duka la spea. Bafle mbili za kwanza alizichomoa kwenye gari lililoanguka mtaroni Giheta.

"We Zuberi, mi niko na mimba kubwa. Nataka mama yangu, sitaki ampli!"

"Mais ampli ni ya mama yako," akajibu.

Kumbe kweli. Mama yuko Muyinga, na barabara ya Karuzi ilikuwa na risasi. Kila tukimwita anasema akisikia mlio mmoja tu atashuka arudi kwa miguu. Na kwetu mtoto wa kwanza anapokelewa na bibi yake. Niliogopa kuzaa bila mama, niliogopa sana. Basi Zuberi akapanga: kaseti ya tarabu, bezi mpaka mwisho, mama asisikie kitu kingine.

Alipima kila kitu kwa rula. Akasahau kwamba mama anayekwenda kwa mzazi haji mikono mitupu! Unga wa uji, maharagwe, mikeka, chungu, kuku. Alipofika Muyinga kumchukua, pa mizigo pamejaa bezi, alors vyote vikapanda kiti cha nyuma, na mama akabanwa humo humo, mgongo kwenye sanduku.

Mi nyumbani nikaswali, nikalia, nikamtukana Zuberi kimoyomoyo. Alasiri nikasikia honi.

Mama akashuka na kuku mkononi, mzima kabisa, anagomba.

"Shakila, mume wako ataniua! Alizima muziki, nikashukuru, nikasinzia. Kupita Karuzi kidogo, akafungulia tena ngoma tupu, bu! bu! bu! Nikamwambia, mkwe wangu, punguza! Ndiyo akapunguza."

"Unisamehe, Mama," Zuberi akasema, macho chini.

Mama alipoingia ndani, nikamgeukia Zuberi nimpe yake.

"Shakila," akanong'ona, "waya uliungua. Radio ilikufa kabla ya Karuzi, na haijapona mpaka sasa."

Nikakaa chini palepale uani. Nilicheka, nikalia, sijui nilianza na kipi.

Nilipoingia jikoni nikamkuta mama ameshika kitambaa chenye maji, anataka kufuta ile chaki ukutani.

"Acha, Mama," nikamwambia. "Bado bafle mbili hatujaweka."