Bastola Niliyoingia Nayo Msibani

Anicheke atakaye, nimestahili. Mzungu mmoja alipoondoka mgodini Geita aliniuzia bastola ya mitutu miwili, ndogo, ya kuenea kiganjani. Kila Jumapili nililenga makopo matupu, nikijiona dume kuliko wote. Mwezi jana tukafiwa na mama mkwe huko Kishapu, nami nikaitia mfukoni mwa koti ikiwa na risasi zake, eti njiani kuna wanyang'anyi.

Kwa Wasukuma wale, mwanamume haingii msibani na silaha. Mikuki yote iliegemezwa nje, kwenye zizi. Shemeji yangu Masanja akanigusa mfuko.

"Na hiki, shemeji?"

"Kalamu tu." Karani mzima mimi, niilaze bastola yangu pamoja na mikuki ya wachunga ng'ombe?

Nikaingia, nikachuchumaa mbele ya baba mkwe. "Shikamoo, baba." Bastola ikaponyoka mfukoni, ikagonga jiwe, ikalia.

Marahaba sikuipata. Mzee alikuwa ameshika paja, damu ikimchuruzika vidoleni.

Masanja aliiokota, ingali ya moto, akaniwekea kiganjani mbele ya wafiwa wote.

"Shemeji, kalamu yako imeanguka."